Ulisema Saba, Nikaandika Tatu

Isaka, Jumapili jioni

Skola mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kunyolewa nywele za shule, na kwa foleni ya wanafunzi iliyopo kwa kinyozi wiki hii, nina kama saa moja na nusu. Naandika kwa mkono, kwenye karatasi niliyonunua mwenyewe dukani, si ya ofisi. Sikutaka kukuandikia kwenye simu. Sababu moja unaijua. Nyingine huijui, nayo ndiyo iliyoniketisha hapa.

Kwa safari yako ya kesho ya bweni la kidato cha tano, mambo ya sweta, soksi nzito, ndoo na vidonge vya kila Ijumaa nimeyabandika ndani ya kifuniko cha tranka. Sitayarudia. Nataka kukueleza kuhusu namba.

Tangu Daktari alipoiweka ile programu kwenye simu yangu, kila siku saa kumi na mbili asubuhi nasimama mlangoni kwako nauliza neno moja: "Ngapi?" Nawe, uso ukiwa bado ndani ya blanketi, unataja kiasi cha maumivu, kati ya sifuri na kumi. Nne. Sita. Asubuhi ya mvua ya kwanza ulisema tisa, kisha ukaniomba radhi kana kwamba umevunja sahani. Mimi hubonyeza namba, nikagusa kwenye ule mchoro wa mtu viungo vilivyovimba, nikaandika vidole vimekaza kwa muda gani, nikatuma. Kule Mwanza, Daktari anaona mstari unapanda au unashuka. Kliniki tunakwenda mara moja kila miezi mitatu, na katikati hapo hana jicho lingine la kukuangalia.

Kwa miezi saba, ulipokuwa kidato cha tatu, mstari ule haukuwa wako. Ulisema saba, nikaandika tatu. Ulisema sita, nikaandika mbili. Siku moja ulisema, "Nne leo Mama, nne tu," ukiwa umefurahi, nikaandika moja.

Basi, nimeshaliandika. Sasa unisome taratibu, maana sitaki kujitetea na naogopa nitajitetea.

Unajua kwamba mimi ni mwoga. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, na cheti changu cha ukarani nilikisoma wewe ukilelewa na bibi yako Ushirombo. Mtu aliyepata kila kitu kwa kuchelewa hushika kila kitu kwa kucha. Kazi hii ya ukarani kwenye mzani wa malori nimeishika hivyo. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na bima yako imekaa juu ya mkataba huo kama yai juu ya kijiko. Baba yako yuko kwenye maduara ya Nyarugusu, na anayechimba dhahabu ya kubahatisha hana bima ya kumpa mtu. Kwa hiyo ulipougua, ukaanza kushindwa kushika kalamu asubuhi, na bibi yako akakusugua mafuta mwezi mzima, na hatimaye Daktari akatueleza kwamba hii si baridi iliyokuingia, ni kinga ya mwili wako inayopigana na viungo vyako mwenyewe, mimi nilisikia neno moja tu katika maelezo yote yale: miaka. Alisema dawa hizi ni za miaka.

Ile programu niliishuku tangu siku ya kwanza. Iliomba ruhusa ya kujua mahali nilipo. Iliomba majina ya watu walio kwenye simu yangu. Iliomba kipaza sauti. Nikajiuliza, maumivu ya kidole cha mtoto yanataka kipaza sauti cha nini? Nikaanza kusoma masharti yake, yale maandishi madogo ambayo watu huyapita kwa kubonyeza "Nakubali". Niliyasoma kazini, kati ya lori na lori, na ndipo Kulwa, karani mwenzangu wa zamu, aliponikuta.

"Unasoma nini, Mama Skola? Barua ya mchumba?"

"Masharti ya programu ya mtoto. Hapa wanasema taarifa zinaweza kufikishwa kwa washirika wao. Washirika ni akina nani?"

Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Dada, duniani kote ni wewe peke yako uliyesoma masharti. Hata aliyeyaandika hajayasoma. Umeiambia simu siri zote, hata Baba Skola hujamwambia nusu." Kisha akaacha kucheka. "Ila jiulize. Bima yetu nani anailipa? Kampuni. Mgonjwa wa kila mwezi anaonekana na nani? Na mikataba inapitiwa mwezi gani? Mimi sisemi kitu."

Hapa kwetu, mtu akikwambia hasemi kitu, ameshasema.

Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua: je, viungo vinakuuma, vidole vinakaza asubuhi, dawa asilia ipo Kahama. Niliusoma nimesimama, nikakaa. Vidole vinakaza asubuhi. Maneno yale yale niliyoyaandika kwenye programu. Nikaamini kwamba washirika nimewajua. Niliona jina lako likitoka kwenye simu, likipita Kahama, likifika mezani kwa mtu wa ofisi kuu anayeshika kalamu nyekundu, naye akisema: huyu karani ana mtoto wa gharama, mkataba wake uishie hapa.

Kesho yake ulisema saba. Kidole changu kilikwenda kwenye saba, kikarudi, kikabonyeza tatu.

Nilijiambia mengi asubuhi ile, na nakutajia lile baya kuliko yote. Nilijiambia kwamba pengine saba yako wewe ni nne ya mtu mzima. Ulikuwa ndiyo kwanza umeachishwa kuchota maji kisimani, na nikashuku kwamba umeipenda ile nafasi ya kukaa. Nilikushuku, Skola. Nilikuona ukifunga vifungo vya sare kwa meno, na bado nikakushuku.

Nataka ulijue hili kuhusu kazi yangu, kwa sababu linaniumiza zaidi. Madereva wa Burundi na Kongo wana ujanja mmoja wa zamani. Lori likipanda mzani, dereva anasimama mahali ambapo tairi moja la nyuma limebaki nje ya bamba la mzani. Linalobaki nje halipimwi. Ndiyo maana kila lori likisimama mimi hutoka, jua au mvua, nalizunguka lote nikitazama matairi. Mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, ni tairi moja tu, nionee huruma, barabara haina macho." Nikamwambia asogee mbele. Miaka saba sijapunguza kilo moja ya mzigo wa mtu. Halafu asubuhi nilikuwa naamka, nasimama mlangoni kwa mwanangu, na tairi lako moja naliacha nje.

Lakini mkono wa karani una tabia zake. Kila asubuhi, nikishatuma uongo, nilikuwa nafika kazini nafungua daftari jeusi, lile kubwa la jalada gumu, naandika namba uliyoitamka. Tarehe, namba, kiungo. Sikujua namwandikia nani. Sikuweza tu kuacha kitu kilichopimwa kikose mahali pa kuandikwa. Nililificha nyuma ya maboksi ya karatasi za mzani, na Kulwa alidhani ni daftari la vikoba.

Ilikuwa mwezi wa nne wa uongo huo, tuko getini tunakunywa chai, simu ya mlinzi ikalia. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma tangazo kanisani: je, viungo vinakuuma, vidole vinakaza asubuhi.

"Wananisumbua hawa," akasema. "Viungo vyangu ni chuma cha reli."

Kulwa akatoa simu yake. "Hata mimi wamenitumia. Juzi walitaka kuniuzia dawa ya uzazi."

Wakacheka. Mimi nikasema nimesahau kitu ndani. Ujumbe ule ulikuwa wa kila mtu. Haukutoka kwenye programu, au walau sikuwa tena na ushahidi kwamba ulitoka.

Utauliza kwa nini siku ile ile sikuandika namba ya kweli. Nimejiuliza mara nyingi. Jibu ni hili: mstari wako ulikuwa umelala chini miezi minne. Ningeandika saba, ungeruka kama mbuzi, na Daktari angepiga simu kuuliza kulikoni. Kitabu kikishapotoshwa, kukinyoosha kunaonekana kuliko kukipotosha. Basi nikaendelea. Si kwa sababu ya kampuni tena, bali kwa sababu ya aibu. Kliniki ya katikati hapo, Daktari alikushika vidole, akakuuliza habari, ukajibu "nzuri" kama ulivyofundishwa kumjibu mkubwa. Ndivyo sisi tulivyo. Bibi yako akikujulia hali kwenye simu, "mhola?", unamjibu "mhola", yaani salama, hata kama simu umeibana kwa bega kwa kuwa mkono hauishiki. Akatazama mstari, akasema, "Mama Skola, grafu yenu inapendeza. Tutabaki na kipimo hiki hiki cha dawa." Nikasema asante.

Halafu ikaja ile kliniki ya picha ya kifundo cha mkono wa kushoto. Unaikumbuka. Daktari aliibandika kwenye taa, akaweka simu yake pembeni yenye ule mstari, akatazama hiki na kile.

"Grafu hii na picha hii si za mtoto mmoja," akasema.

Mfupa ulikuwa umeanza kuliwa. Kifundo kile hakitakunjika tena kama cha kulia, alisema, ila tukipandisha dawa sasa tutaokoa vingine. Akanigeukia mimi akingoja. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni kubwa kuliko miezi yote saba. Nilisema, "Labda alikuwa anavumilia, Daktari."

Akakugeukia wewe. "Usivumilie tena binti, sawa? Ukificha, mimi natibu mtu mwingine." Nawe ukainamisha kichwa ukasema, "Sawa, Daktari." Ulibeba kosa langu mbele yangu, na hukujua kwamba unalibeba.

Tulipokuwa tunarudi, tumeshapita Misungwi, ulisema bila kunitazama, "Mama, mimi nilikuwa nasema saba."

Nami nikakujibu, "Ulikuwa unasema kwa sauti ndogo."

Maneno hayo nayasikia hata lori likiwa linanguruma dirishani. Tangu siku ile niliandika namba za kweli, dawa ikapanda, na ukafanya mtihani wa kidato cha nne ukiandika kwa saa tatu. Nikadhani limekwisha, limezikwa.

Mwezi uliopita Daktari alitupa barua ya kupeleka hospitali ya kule uendako, kwa kuwa huko shuleni simu hairuhusiwi na mstari wetu utakatika. Bahasha ilikuwa imefungwa. Nakiri kwamba niliifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu sijawahi kubeba karatasi nisiyoijua. Ilikuwa barua nzuri, ndefu. Karibu na mwisho palikuwa na sentensi moja: mgonjwa ana tabia ya kuficha maumivu, maelezo yake yapokewe kwa tahadhari.

Tahadhari. Wewe. Nikamwona daktari mgeni kule kwenye baridi akikutazama kama mimi ninavyomtazama dereva. Utamwambia nane, naye atasoma karatasi yake ajiulize kama ni nane kweli. Na karatasi hiyo itazaa karatasi nyingine, na kila hospitali utakayofika maisha yako yote utaikuta sentensi hiyo imekutangulia, imekaa kwenye kiti inakungoja. Mimi nafanya kazi na karatasi. Najua zinavyotembea.

Alhamisi nilipokuaga kwamba nakwenda Ushirombo kumwona bibi yako, nilikwenda Mwanza, nimebeba daftari jeusi kwenye mfuko wa unga. Nilimweleza Daktari yote. Aliligeuza daftari ukurasa kwa ukurasa, na nilitamani anigombeze.

"Kwa nini hukuifuta programu tu?" akaniuliza mwishoni. "Ungenipigia simu ukasema huiamini. Wengine hawaiamini, wananiletea karatasi."

Hilo sikuwahi kulifikiria, Skola. Niliona njia mbili tu, kutii au kudanganya, na ya tatu, ya kusema "siitaki", haikunijia kichwani kwa sababu sikuwa nimezoea kumwambia mtu mwenye koti jeupe kwamba sitaki. Bado naishuku ile programu. Sijui hao washirika ni akina nani, na asije mtu akakucheka ukiuliza kitu kinataka kipaza sauti cha nini. Kushuku hakukuwa kosa langu. Nilimshuku mwenye mzani, nikampunja mwenye mzigo.

Daktari aliandika barua mpya. Ile sentensi haimo. Mahali pake ameandika kwamba namba za miezi saba zilipunguzwa na mzazi, na kwamba maelezo ya mgonjwa mwenyewe yamekuwa sahihi wakati wote. Imo kwenye bahasha ya barua hii, nitakayoiweka ndani ya daftari. Haijafungwa. Isome kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ningeishia hapa, lakini kuna jambo lililoanza wiki tatu hizi, na ndilo linalonitoa jasho zaidi ya kukiri.

Tangu tiketi yako ikatwe, nikikuuliza "Ngapi?" unaniambia mbili. Mbili, mbili, moja, mbili. Nimeziandika kama ulivyosema. Lakini mimi ni mtu wa kuzunguka lori. Jumanne nilikuona ukifungua chupa ya maji kwa kuibana kati ya magoti. Jana ulimwomba binti wa jirani akukamulie nguo, ukaniambia eti anajifunza. Leo asubuhi ulikaa kitandani muda mrefu kabla ya kushuka, na nilipokuja mlangoni ukajifanya unasali.

Nadhani unaogopa nitakuzuia. Unafikiri nikisikia sita nitasema baridi ya kule itakumaliza, nikupeleke shule ya kutwa hapa karibu, nikukalie kama kuku. Umenisoma vizuri. Mwaka jana ningefanya hivyo. Kwa hiyo umefanya nilichofanya mimi: umeona namba ya kweli itakunyima kitu, ukaipunguza. Sentensi ile ya uongo niliyosafiri mpaka Mwanza kuifuta, unaanza kuifanya iwe kweli. Sikukufundisha kwa mdomo, lakini uliishi nyumba moja na mimi, na mtoto hasikii tu anachoambiwa.

Inawezekana nakosea. Inawezekana ni mbili kweli na mimi nimerudia kukushuku, na kama ni hivyo nisamehe hata na hilo. Siwezi tena kutofautisha jicho langu na woga wangu.

Ila nimefanya kitu. Kwenye ukurasa unaofuata wa daftari nimeandika tarehe ya kesho, nikapiga mistari yake, nikaacha nafasi ya namba wazi. Kesho sitasimama mlangoni kuuliza. Daftari litakuwa mezani na kalamu juu yake, ile nene yenye mpira uliyosema haitelezi mkononi. Utaandika mwenyewe, kisha utalitia kwenye tranka, na kuanzia hapo ni lako, wewe ndiye wa kulijaza na wa kuamua nani alione.

Nimeshaongea na mtu wa basi akuwekee kiti cha mbele, mahali pa kunyoosha miguu. Tranka nitalibeba mimi hadi stendi. Matroni nimempigia, anajua kwamba asubuhi utachelewa kushika ufagio. Vyote hivyo nimevifanya bila kuijua namba ya kesho, na makusudi sikuingoja.

Iandike, mama. Hata ukiandika tisa, basi utapanda.

Mama yako